Habari Iliyopita Upande wa Kushoto

Jumatatu moja ya Mei 2023, saa kumi na mbili asubuhi, simu iliita mezani nyumbani kwa Mwalimu Agatha Chilumba, Kitangari. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaiweka kwenye sikio la kushoto, akasema "haloo", na hakusikia kitu. Alitazama kioo cha simu. Jina la mwanawe Gideoni lilikuwepo na sekunde zilikuwa zinakwenda. Alipoihamishia mkono wa kulia ili aikate, simu ikapita karibu na sikio la pili, na sauti ya Gideoni ikatoka humo wazi kabisa, kutoka Dodoma: "Mama, mbona unanyamaza?"

"Mtandao," alisema Agatha.

Lilikuwa jibu la haraka, na Agatha hakupenda majibu ya haraka. Alikuwa amefundisha hisabati shule ya msingi tangu ujanani, na kila aliyepita darasani kwake alijua kwamba jibu lisiloonyesha njia halipati alama. Kwa hiyo jioni ile alichukua redio ndogo, akaishika kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto. Kulia, mtangazaji alisoma hali ya hewa ya kanda ya kusini. Kushoto, mtangazaji yuleyule alisikika kama mtu anayesema huku amefunikwa na sufuria: sauti ilikuwepo, maneno hayakuwepo. Mtandao haukuhusika.

Zahanati walimtoa nta kidogo, wakampa dawa ya matone, wakamwambia sikio ni safi. Maneno hayakurudi. Kilichobaki ni mlio mwembamba, kama wa nyenje mmoja aliyejificha nyuma ya sikio, asiyejua mchana wala usiku. Agatha akapiga hesabu: watu wanaishi na jicho moja, sembuse sikio moja. Akaliacha jambo hapo.

Hesabu ile ilikuwa na kasoro. Mtu akikosa kusikia salamu, hana njia ya kujua kwamba amesalimiwa. Hakuna pengo linalobaki hewani. Anapita tu.

Alipokwenda shuleni asubuhi, nyumba zote za njia ile zilikuwa kushoto kwake. Watoto walimwamkia, mabinti waliokuwa wakifagia waliinua mgongo wakamwamkia, na Agatha alipita akitazama mbele, amenyooka, begi begani. Jioni aliporudi, nyumba zilezile zilikuwa kulia. Walimwamkia, naye akaitikia "Marahaba, marahaba mwanangu, hamjambo hapo?" kwa uchangamfu wake wa siku zote. Watu waliona, wakajiuliza. Asubuhi ana kiburi, jioni ana furaha. Ni nini kinachombadilisha mtu kati ya asubuhi na jioni? Jibu lake lilichelewa kupatikana, lakini lilipopatikana likawaridhisha wengi.

Kabla ya hapo ulitokea msiba wa Mama Huruma.

Mama Huruma, jina lake Violet, alikuwa jirani wa Agatha. Viwanja vyao viligawanywa na wigo wa mianzi, na katika wigo ule kulikuwa na mwanya uliopanuka kwa kupitwa: chumvi ilipita hapo, kaa la moto lilipita hapo, na wenyewe walipita wakati wowote bila kubisha hodi. Mume wa Agatha alipofariki, Violet alilala naye kwenye mkeka mpaka arobaini, akamwogesha, akamlisha, akawafukuza waliokuja kulia kupita kiasi. Gideoni alipohamia Dodoma, Violet ndiye aliyebaki kuwa mtu wa Agatha. Hakukuwa na mwingine.

Alfajiri moja ya Juni, baridi ya uwanda wa juu ikiwa imekaza, Violet alipigiwa simu kutoka kwao Chilangala kwamba mama yake amefariki usiku. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwenye wigo. Agatha alikuwa uani, ameinama, anafagia majani ya mkorosho kuelekea jikoni. Violet akamwambia. Agatha akaendelea kufagia. Violet akamwambia tena, mara hii kwa sauti iliyovunjika. Agatha akakusanya majani, akaokota ufagio, akaingia ndani.

Haya Agatha hakuyajua. Alichokijua ni kwamba nyumba ya jirani ilifungwa siku ile na kesho yake, na siku iliyofuata, kwenye foleni ya maji, Adija muuza samaki wakavu alimtazama kwa mshangao.

"Mwalimu, wewe hukwenda Chilangala?"

"Chilangala kuna nini?"

"He! Mama yake Mama Huruma si wamemzika jana!"

Agatha aliacha ndoo pale pale. Alifika Chilangala alasiri ile kwa bodaboda ya Dickson, na unga na kanga mpya, akakuta matanga yamekwisha kupoa. Wanawake walikuwa mikekani. Walimwona, wakaendelea na mazungumzo yao, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Violet alimpa mkono, akatazama pembeni. Agatha alikaa ukingoni mwa mkeka, nusu mchangani, akingoja mtu amweleze kwa nini hakuambiwa. Hakuna aliyemweleza. Njia nzima ya kurudi alirudia sentensi moja kichwani: miaka kumi na moja ya ujirani, na sikustahili hata kugongewa mlango.

Wiki iliyofuata Violet aliziba mwanya kwa mianzi mipya. Agatha alimwona kupitia dirishani akifunga kamba, akivuta kila fundo kwa meno. Hakutoka kuuliza. Alikuwa na sababu yake ya kutouliza na Violet alikuwa na yake, na sababu zote mbili zilizaliwa asubuhi ile moja, kutokana na kosa lilelile.

Baada ya hapo nyumba ya Agatha ikawa kimya kwa namna mpya. Alipika chakula cha mtu mmoja, na kwa kuwa sufuria ndogo alikuwa amemwazimisha Violet, alipika kwenye kubwa. Jioni alikaa mlangoni na nyenje wake. Zamani saa ile Violet alikuwa akipita kwenye mwanya na kigoda chake kwapani, akisema kabla hajafika, "Leo nina maneno, weka chai." Sasa Agatha alisahihisha madaftari hadi mwanga uishe, na yakiisha alisahihisha tena yaleyale, kuangalia kama hakumwonea mtoto.

Msimu wa korosho ulipofika, alianza kudondosha maji. Tangu utotoni kwao Lisekese, Masasi, alibeba ndoo kichwani bila kushika, kama wenzake wote, akiongea na kugeuka atakavyo. Sasa ndoo ilimvuta kushoto. Siku moja aligeuza shingo kuitazama pikipiki, na ndoo nzima ikamwagika mgongoni mbele ya foleni. Wanawake walicheka, kwanza kicheko cha kawaida. Wiki nyingine ikamwagika tena, na mara hii walitazamana.

Oktoba mabibo ya mikorosho yalikuwa yameiva, na kila mtaa ulikuwa na mtu anayekamua uraka, pombe ya mabibo, na mtu anayeunywa. Jioni moja, giza likiwa limeshaingia, Agatha alikuwa anatoka kanisani kwenye mazoezi ya kusoma masomo ya Jumapili. Njia ilikuwa mchanga mtupu. Bila kujikwaa kitu chochote, alienda mrama hatua chache kushoto, akaanguka. Dickson wa bodaboda alisimamisha pikipiki akamnyanyua.

"Pole Mwalimu. Huu wa mwaka huu ni mkali, hata sisi unatuangusha."

"Mkali nini?"

"Uraka, Mwalimu. Mimi si mtu wa kusema. Panda nikufikishe."

"Dickson, mimi sinywi. Nimekufundisha miaka mitatu, umewahi kuniona nikinywa?"

"Sijaona," alisema Dickson kwa heshima. "Na leo pia sijaona."

Jibu likawa limepatikana. Asubuhi hajibu salamu, ana uchovu wa jana, jioni mchangamfu, kwa sababu ameshapata, usiku anayumba. Kila kipande kilikaa mahali pake. Agatha mwenyewe, kama angepewa ushahidi ule juu ya mtu mwingine, angefikia hitimisho lilelile. Mwalimu Mkuu Oscar, mtu wa Singida, mpole, alimpunguzia vipindi vya asubuhi "upumzike kidogo". Padri Fortunatus alimwomba mtu mwingine asome somo la Jumapili, na kazi yake ya kufua vitambaa vya altare ikapewa Mama Queen. Hakuna aliyemshutumu. Kama wangemshutumu angejitetea.

Usiku wa Jumapili ile alisimama katikati ya chumba, taa ikiwaka, miguu pamoja. Hakuyumba. Akafumba macho. Mwili ukaenda kushoto hadi akashika kitanda. Akarudia, akaenda kushoto. Akarudia tena akiwa amegeukia ukuta mwingine, akaenda kushoto kwake, si kushoto kwa chumba. Akakaa kitandani. Basi tatizo halikuwa mchanga wala ndoo. Macho yake yalikuwa yanafanya kazi ya kitu kingine, na kitu hicho, kama sikio, kilikuwa upande wa kushoto. Vitu viwili vibovu upande mmoja, akaona, vina uwezekano mkubwa wa kuwa na chanzo kimoja.

Novemba aliomba ruhusa, akashuka Masasi. Alifikia Lisekese kwa kaka yake Reginald, katekista, mtu mwenye moyo mwema na haraka ya kusema. Daktari bingwa wa masikio alikuwa akija mjini mara moja kwa mwezi kwa kliniki. Jina lake Apolinari, kijana, mwenyeji wa Bukoba. Alimvisha vipokea sauti, akamwambia anyanyue mkono kila akisikia. Kisha akasoma mchoro uliotoka, akauliza anayumba tangu lini, akamwandikia kwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya kichwa kwenye mashine ya sumaku.

Picha ilipigwa Januari. Majibu alisomewa Masasi, Februari, Reginald akiwa amekaa pembeni na kofia magotini.

"Mama, nitakueleza kama mambo yalivyo," alisema Dkt. Apolinari. "Una uvimbe."

Reginald alivuta pumzi kwa sauti. Kutoka hapo, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, hakusikia neno jingine.

"Endelea," alisema Agatha, na akageuza kiti ili sikio la kulia lielekee mezani.

"Kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo kuna neva inayopita kwenye kijia cha mfupa. Ina sehemu mbili. Moja inapeleka sauti. Nyingine inapeleka taarifa za kusimama na kugeuka, kwamba kichwa kimeinama, mwili unaelekea wapi. Neva hiyo ina ganda. Chembe za ganda zimekua pasipotakiwa, zikafanya kijidonge. Kijidonge kinabana neva. Ndiyo maana unasikia sauti bila maneno, na ndiyo maana gizani unaenda mrama. Kukiwa na mwanga macho yanakusaidia."

"Ni saratani?"

"Si saratani. Hakisambai, hakiendi kwenye mapafu wala ini. Kinakaa pale pale, kinakua polepole sana, na vingine havikui kabisa."

"Ukubwa?"

"Mdogo. Kama nusu ya korosho."

"Daktari, korosho zina madaraja. Milimita ngapi?"

Daktari alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kumi na mbili."

Alimweleza njia tatu. Kungoja na kupiga picha tena baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Kikikua kuelekea shina la ubongo, wachukue hatua. Mionzi. Au kupasua, ambapo neva ya uso iko jirani sana, na mtu anaweza kuamka mdomo umepinda. Kwa ukubwa ule, na kwa umri wake, yeye angeshauri kungoja, na mazoezi ya kutembea huku akigeuza kichwa, ili ubongo ujifunze kuutegemea upande mmoja.

"Na usikivu?"

"Uliopotea haurudi, Mama. Sitakudanganya."

"Kimekuwepo tangu lini?"

"Siwezi kusema kwa hakika. Miaka kadhaa. Wewe uliona dalili Mei, lakini kabla ya Mei ulikuwa tayari unakosa mengi ya upande huo. Mtu hatambui."

Agatha alirudi Lisekese kwa miguu. Alikuwa amepata jina la kitu na kipimo chake, na alitegemea kwamba hiyo ingemtosha. Njiani akaanza kurudi nyuma, kama anavyokagua hesabu ya mtoto kutoka jibu kwenda swali. Ndoo. Kuanguka. Asubuhi ambazo hakuna aliyemwamkia: au walimwamkia? Juni. Alfajiri ya kufagia. Alifagia kuelekea jikoni, ndiyo desturi yake, na mtu akifagia kuelekea jikoni wigo unakuwa kushoto. Na alipokuwa anaingia ndani aliona, kwa pembe ya jicho, Violet kasimama kwenye wigo kajifunga kanga kiunoni. Alidhani anaanika nguo. Nani anaanika nguo kabla ya jua?

Alisimama barabarani. Pikipiki ikampigia honi, ikamzunguka.

Hakuwa na uhakika. Alikuwa na uwezekano tu, na wa kuuthibitisha alikuwa mtu mmoja, aliyefunga mwanya kwa meno.

"Usiseme kwa watu," alimwonya Reginald usiku ule wakati wa kula. "Uvimbe wa kichwa, dada! Watasema umerogwa."

"Nitasema, lakini kwa mpangilio wangu. Yuko wa kwanza anayetakiwa kuambiwa."

"Sawa, dada," alisema Reginald. Na kwa sababu ya upendo, asubuhi, dada yake akiwa bafuni, alimpigia simu Padri Fortunatus.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresma, kanisani Kitangari, baada ya matangazo ya ujenzi, padri aliwaomba waumini wamkumbuke katika sala Mwalimu Agatha, ambaye amekutwa na uvimbe ndani ya kichwa. Agatha hakuwepo, alikuwa kwenye basi linalopanda kutoka bondeni. Aliposhuka, mtu aliyempokea begi aliliinua kwa mikono miwili kama anabeba kitu cha marehemu.

Jumatatu nyumba ilijaa. Walikuja na unga, maji, kuni, wakakaa mikekani wakiongea chini chini. Wengi walikaa kushoto, uliko mlango, na walichosema hakikumfikia. Wale wale waliotazamana kwenye foleni ya maji sasa walimshika mkono na kuusugua. Mtu mgonjwa wa kufa haachwi na kinyongo cha mtu: kila mmoja aliomba radhi kwa zamu.

"Mwalimu, umepungua," alisema Adija.

"Sijapungua. Nimepimwa, kilo zilezile."

"Ndiyo huanza hivyo hivyo. Daktari amekupa muda gani?"

"Miezi sita, halafu nirudi ku—"

"Yesu wangu!" Mama Queen akajifunika kanga usoni, na mkeka wote ukaitikia kwa kilio, kiasi kwamba picha na mwaka na kungoja vilisemwa bila msikilizaji. Agatha alirudia mara mbili kwamba uvimbe ule hauui. Walimpigapiga begani. Mgonjwa mwenye moyo kama huu, walisema, ni neema.

Jioni waliondoka. Ilikuwa siku ambayo ameguswa na watu wengi kuliko mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekuja kumwona yeye. Violet hakuja. Taa ilikuwa inawaka upande wa pili wa wigo.

Alikuja Jumatano, jua likielekea kuzama, kwa mlango wa mbele, akabisha hodi kama mgeni. Alikuwa amevaa kanga za kanisani. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa kushoto. Agatha akanyanyuka, akahamisha kigoda chake kwenda upande wa pili.

"Hata kukaa karibu nami hutaki," alisema Violet.

"Ni sikio. Sema, sasa nakusikia."

Violet aliinamisha kichwa. Ilionekana maneno ameyapanga njiani. "Mama Gideoni, nimekuja. Mtu haendi na neno la mtu moyoni. Ulilonifanyia, unalijua na Mungu analijua, nimekusamehe. Uende kwa amani."

Msamaha ulikuwa pale, umewekwa sakafuni kati yao. Tangu Juni Agatha hakuwa ametaka kitu kingine ila Violet arudi. Angesema "asante", Violet angelia, na kigoda chake kingerudi mlangoni jioni, kwa muda wote ambao kijiji kingeendelea kuamini. Lakini msamaha ule ulikuwa wa mtu anayekufa, na mtu huyo hakuwemo nyumbani mle.

"Sifi, Mama Huruma."

"Usiseme hivyo. Sote—"

"Sote tutakufa. Mimi kwa hili sifi. Si saratani. Kipo kwenye neva ya sikio na ya kusimama, milimita kumi na mbili, kinakua polepole au hakikui. Nitapigwa picha Agosti. Reginald alisikia neno moja tu akalipeleka kwa padri."

Violet aliinua kichwa. "Kwa hiyo hufi."

"Sifi."

"Basi nirudishie msamaha wangu." Alisimama, akajifunga kanga upya kwa nguvu. "Huo nilimletea mgonjwa wa kufa. Kwa mtu mzima bado nina maneno. Kumbe umekaa hapa unaletewa unga! Nilikuja wigoni nikakwambia mama yangu amekufa. Nikakwambia mara mbili, nalia. Ukaokota ufagio wako ukaingia ndani. Mbwa angegeuka, Mama Gideoni!"

Agatha alijikuta ameshika ukingo wa kigoda. Uwezekano umekuwa uhakika, na uhakika uliuma kuliko alivyokuwa amekadiria.

"Ulisimama wapi?"

"Unaniuliza nilisimama wapi!"

"Nijibu tu. Wapi?"

"Pale pale tunaposimama siku zote. Penye mwanya."

"Na mimi nilikuwa naelekea wapi?"

"Jikoni. Umeinama. Unanifundisha hesabu?"

"Wigo ulikuwa kushoto kwangu. Sikusikia, Mama Huruma. Nilijua msiba wa mama kwa Adija, kwenye foleni ya maji, ameshazikwa. Nikadhani hukutaka niwepo."

"Kila mtu husema hakusikia."

"Ndiyo. Hata mimi nisingeamini." Agatha alisimama, akaenda mlangoni, akachukua ufagio wa chelewa. "Rudi kwako. Simama palepale. Sema lolote, kwa sauti ile ile ya siku ile. Mimi nitafagia. Sitakutazama."

"Huu ni wazimu."

"Ni jaribio."

Violet alitoka bila kuaga. Agatha hakujua kama ameenda kusimama wigoni au ameenda kulala. Alizunguka uani, akainama chini ya mkorosho, akaanza kufagia kuelekea jikoni. Mvua ya mchana ilikuwa imelowesha majani, yakawa mazito. Alisikia ufagio. Alisikia nyenje wake. Kulia, mbali, pikipiki ilikuwa inapanda barabara ya Newala, ikibadilisha gia. Kushoto hakukuwa na kitu. Hata kimya hakikuwepo, kwa maana kimya nacho mtu hukisikia. Alifika jikoni, akakusanya majani, akaokota ufagio kama desturi yake, na hapo ndipo alipogeuka.

Violet alikuwa kwenye wigo. Alikuwa ameshika mianzi kwa mikono miwili, mdomo wake bado unasema, na uso wote ulikuwa umelowa. Alichokuwa akisema hakikufika.

Kisha akaacha kusema. Akavuta mwanzi mmoja. Kamba zilikuwa zimeoza kwa mvua, ukatoka. Akavuta wa pili, akapitisha bega, kanga ikanasa, akainasua, akapita. Alitembea uani kuvuka majani yaliyokusanywa, akampita Agatha kwa mbele, akasimama kulia kwake.

"Mama Gideoni," alisema. "Mama amefariki. Usiku huu. Chilangala."

"Pole, Mama Huruma," alisema Agatha. "Pole sana."

Akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akatoka na mkeka. Akautandika chini. Violet akakaa upande wa kulia.